Euro 2 kwa kila mtu kwenye bili ya mgahawa Italia

Mmekuta euro 2 kwa kila mtu kwenye bili na mnajiuliza kama ni bahshishi au mmeibiwa? Hapana, si bahshishi na hamkuibiwa. Hiyo ni coperto, ada ya kukalia meza: mkate, kitambaa, vyombo. Migahawa mingi ya mtaani Italia huitoza, kwa kawaida kati ya euro 1 na 3 kwa kila mtu, hata kama mmekula sahani moja moja tu ya tambi. Nimehudumu mezani Bologna, na hela hiyo huingia kwa mwenye mgahawa, haimfikii mhudumu. Sharti lake ni kwamba iwe imeandikwa kwenye menyu. Kama haimo, mna haki kabisa ya kuikataa, na msione aibu kumwita mhudumu akawaonyesha ilipoandikwa.

Ila kama mlikula Roma, mambo ni tofauti. Mkoa wa Lazio, ambamo Roma ipo, ulipiga marufuku coperto kwa sheria ya mwaka 2006, ndiyo maana huko bili nyingi huonyesha "pane", yaani mkate. Huo ni wa hiari: usipoutaka, sema mapema kikapu kinapoletwa, kabla hamjaugusa.

Servizio, yaani ada ya huduma, ni kitu kingine tena. Ni asilimia ya bili, mara nyingi 10 au zaidi kidogo, nayo pia lazima iwe kwenye menyu. Ukiiona, usiongeze chochote. Isipokuwepo, bahshishi bado si lazima. Ukiridhika na huduma, mwachie mhudumu sarafu za chenji, atashukuru kweli.