Maswali na Majibu: Kilo Moja ni Faranga Ngapi Kwenye Grafu?

Mwalimu, jambo. Mtoto wangu amepewa grafu ya bei ya sambaza, wale samaki wadogo. Kuna nukta kwenye kilo 4 na kilo 6, lakini kwenye kilo 1 hakuna. Bei ya kilo moja ataitoa wapi? (Mama, Himbi)

Jambo, Mama. Bei iko kwenye mstari hata kama nukta haikuchorwa. Asimame kwenye 1 katika mhimili mlalo (mstari wa chini, wenye kilo), apande wima hadi aukute mstari, kisha aende kushoto asome faranga. Shida ni kwamba kila mraba wa grafu yenu ni faranga 5,000, kwa hiyo hapo kwenye 1 atabaki kukisia. Achukue nukta iliyokaa sawasawa kwenye makutano ya miraba: kilo 4, faranga 30,000. Agawanye 30,000 kwa 4, apate 7,500. Kisha ahakikishe kwa kilo 6: 45,000 kwa 6 ni 7,500 tena. (Bei hii ni ya daftari. Asiende soko la Kituku kuidai.)

Mwenzangu ameweka faranga kwenye mhimili mlalo na kilo kwenye wima. Majibu yetu hayalingani. Nani amekosea? (Mwanafunzi, Katindo)

Hakuna, mdogo wangu. Wewe umetafuta faranga kwa kila kilo, yeye kilo kwa kila faranga. Faranga moja inampa kilo 1/7,500, hata samaki mmoja haifiki. Afadhali aseme faranga 1,000 zinanunua gramu 133 hivi. Kabla ya kugawanya, someni maandishi ya mihimili yote miwili.

Nimechora nauli ya moto (pikipiki ya abiria): kilomita 2 ni faranga 2,000, kilomita 4 ni 3,000. Nikigawanya napata 1,000, halafu 750. Mstari wangu umenyooka kabisa, sasa kosa liko wapi? (Kijana, Majengo)

Rudisha mstari wako nyuma hadi kilomita 0. Utagusa mhimili wima kwenye faranga 1,000, si kwenye sifuri. Maana yake abiria analipa 1,000 kwa kupanda tu, halafu 500 kwa kila kilomita. Hiyo 500 ni nyongeza ya kila kilomita. Haitoshi kuizidisha kwa umbali ili upate nauli nzima. Kunyooka peke yake hakutoshi: ili nauli iwe sawia na umbali (umbali ukiwa mara mbili, nauli nayo mara mbili), mstari lazima upite pia kwenye sifuri na sifuri. Wengi wanaangalia rula tu, hilo la sifuri wanalisahau, na hapo ndipo mitihani inapowanasa.

Nina grafu mbili za umbali na muda wa chukudu (baiskeli ya mbao ya mizigo), kila moja kwenye karatasi yake. Yenye mstari mkali zaidi, yaani uliosimama zaidi, ndiyo ya kasi zaidi? (Mwanafunzi, Birere)

Si lazima. Angalia vipimo vya mihimili. Mstari mkali unapita saa 2, kilomita 12: hiyo ni kilomita 6 kwa saa. Ule uliolala unapita saa 3, kilomita 24: kilomita 8 kwa saa. Ichore yote miwili kwenye karatasi moja, uone upi utakuwa juu.