Mchunguzi amekataa mita yangu

SWALI: Shikamoo Mzee. Niliomba hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) ya mita ya maji inayojithibitisha kwa seva. Seva hutuma namba isiyotabirika, mita huisimba kwa ufunguo wa siri ulio kwenye chipu, kisha hurudisha jibu. Ufunguo hubadilika kila valvu inapofungwa. Mchunguzi wa ofisi ya hataza ameandika kwamba mbinu hiyo inajulikana. Nikate rufaa?
Fundi, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikate rufaa bado. Hapo mchunguzi yuko sahihi: laini za simu za mkononi za mfumo wa GSM zinafanya hivyo tangu 1991. Mtandao hutuma namba ya biti 128, kadi hujibu kwa biti 32, na ufunguo hautoki ndani ya kadi.

Lakini soma tena sentensi yako kuhusu valvu. Umeiandika kama jambo dogo, nami naona ndiyo uvumbuzi wenyewe! Ihamishie kwenye dai la kwanza, yaani sentensi ya ombi inayotaja unachotaka kilindwe, ueleze valvu inavyobadili ufunguo na seva inavyojua umebadilika. Sharti maelezo hayo yawemo kwenye ombi la awali, kwani marekebisho hayaruhusiwi kuongeza kitu kipya.

Kama hayamo, andaa ombi jingine, na usiionyeshe mita kwenye maonyesho yoyote kabla ya kuliwasilisha. Wavumbuzi Rivest, Shamir na Adleman walitangaza RSA, mbinu yao ya kusimba ujumbe, Agosti 1977, wakaomba hataza Desemba. Marekani iliwapa mwaka 1983 kwa sababu sheria yake iliruhusu kuomba ndani ya mwaka mmoja baada ya kutangaza. Kwingineko walikuwa wamechelewa.