Ufunguo wa pochi ya kripto anao nani? Maswali ya wasomaji na majibu yake

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa njia tofauti: nihifadhi wapi sarafu zangu za kripto nisizipoteze? Zilizofanana nimezijumuisha.

Natengeneza tovuti nikiwa hapa Kisauni, na wateja wa nje hunilipa kwa USDT, sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola. Pesa zote nimeziacha kwenye soko la kripto la mtandaoni kwa sababu ndiko ninakouza na kupokea M-Pesa. Rafiki ananihimiza nitafute pochi yangu mwenyewe. Kuna haja?

Ipo haja, ndugu yangu, ingawa si kwa pesa zote. Sarafu hizi hazikai ndani ya simu wala ndani ya programu. Zimeandikwa kwenye daftari la wazi ambalo nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi duniani. Pochi inashika ufunguo tu, ule unaokuwezesha kuzihamisha. Ukiziacha sokoni, ufunguo anao mwenye soko, na wewe umebaki na ahadi yake. Mt. Gox, soko la namna hiyo la Tokyo, lilipofunga milango mwaka 2014, lilisema limepoteza takriban bitcoin 850,000. Baadaye 200,000 zilipatikana, lakini wateja walianza kurudishiwa sarafu Julai 2024, baada ya miaka kumi. Novemba 2022 soko la FTX nalo lilizuia watu kutoa pesa zao, na ndani ya siku chache likatangaza kufilisika. Waliopoteza pale hawakuwa wazembe. Waliamini jina kubwa, kama unavyoamini wewe leo.

Kwa hiyo, pesa ya kodi ya nyumba na matumizi, ile utakayoiuza ndani ya wiki, iache huko huko sokoni ikusubiri. Akiba ndiyo uihamishie kwenye pochi unayoshika ufunguo mwenyewe.

Ipi sasa? Mimi hutazama mambo matatu: imetumika miaka mingapi, je, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi ili wajuzi waukague, na nimeipakua wapi. Kwa Bitcoin, Electrum ipo tangu 2011 na msimbo wake uko wazi. Kwa sarafu za mtandao wa Ethereum, wengi hutumia MetaMask au Trust Wallet. Ingia tovuti ya watengenezaji wenyewe kwa kuandika anwani yake kwa mkono, kisha ufuate kiungo cha huko. Usiamini tangazo linalotokea juu unapotafuta Google. Novemba 2023 nakala bandia ya Ledger Live, programu ya kuendeshea vifaa vya kuhifadhia ufunguo, iliingia hadi kwenye duka la programu la Microsoft, na watu wakaibiwa. Na usikimbilie pochi mpya kwa sababu inapendeza. Agosti 2022 maelfu ya pochi za Solana, mtandao mwingine wa kripto, zilikombwa, na uchunguzi ukaelekeza kwenye programu ya pochi iitwayo Slope, iliyokuwa ikituma siri za watumiaji kwenye seva yake bila wao kujua.

Nimehamishia USDT kwenye pochi yangu, naiona, lakini inakataa kutoka. Nimeibiwa? (Msomaji wa Changamwe)

Hukuibiwa. Anwani ya pochi uliyonitajia inaanza na herufi T, maana yake USDT yako iko kwenye mtandao wa Tron, na huko ada ya kutuma hulipwa kwa sarafu nyingine iitwayo TRX. Nunua TRX kidogo, itume kwenye anwani hiyo hiyo, kisha ujaribu tena. Anwani inayoanza na 0x ni ya Ethereum na mitandao ya jamii yake, kwa hiyo usichanganye. Na kila unapotuma mahali papya, anza na kiasi kidogo cha majaribio, kisha ulinganishe herufi za mwanzo na za mwisho, kwa sababu kuna virusi vinavyobadilisha anwani uliyonakili kabla hujaibandika.

Kuna kijana anauza kile kifaa cha kuhifadhia kripto kwa nusu ya bei. Anasema kimeshatayarishwa, na kikaratasi cha maneno 24 kimo ndani ya boksi. Ninunue? (Msomaji wa Kongowea)

Usinunue! Maneno hayo, 12 au 24 kulingana na pochi, ndiyo ufunguo wenyewe. Aliyeyaandika anayo nakala, na anasubiri tu uweke pesa. Kifaa halali huyaunda maneno yake chenyewe mbele ya macho yako, mara ya kwanza unapokiwasha, nawe ukayaandika, na huja bila namba ya siri. Nunua kwa watengenezaji wenyewe au kwa muuzaji waliyemwidhinisha, hata kama usafirishaji na ushuru vitakuumiza. Kikifika, kabla hujaweka akiba, kifute kabisa kisha ukirudishe kwa maneno uliyoandika. Kikifunguka na anwani ikawa ile ile, hapo umejua umeandika sawa.

Kama akiba yako yote haizidi bei ya kifaa mara tatu au nne, pochi ya simu inakutosha kwa sasa.

Maneno yangu 12 nimeyapiga picha nikayahifadhi kwenye simu. Ni sawa? (Dada wa Likoni)

Si sawa, dada yangu. Picha za simu nyingi hupanda zenyewe hadi kwenye hifadhi ya mtandaoni, na atakayeingia kwenye barua pepe yako ataingia na kwenye pochi. Na kwa kuwa picha huenda imeshapanda, kuifuta hakutoshi. Unda pochi mpya leo, andika maneno mapya kwa mkono, uhamishe sarafu zote, kisha ile ya zamani uiache.

Karatasi nayo ina hatari zake hapa kwetu. Miaka kadhaa nyuma nilipanga Kibokoni, na mvua za masika zikavujia kabati langu. Karatasi niliyoandika kwa kalamu ya wino nikaikuta imelowa, maneno matano hayasomeki tena. Iliyoniokoa ni pochi iliyokuwa bado wazi kwenye simu, nikahamisha kila kitu usiku ule ule. Simu hiyo ningeiangusha kwenye feri wiki moja kabla, nisingekuwa na pa kuanzia.

Tangu hapo natumia bati la chuma kisichoshika kutu, maana chumvi ya bahari hula chuma cha kawaida upesi, na herufi nimezigonga mwenyewe kwa nyundo na mihuri ya chuma. Usimpelekee sonara wala fundi, atayasoma. Maneno hayo huchaguliwa kutoka orodha ya maneno 2,048, iliyopangwa hivi kwamba herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua kila neno, kwa hiyo kazi si ndefu. Zingatia mpangilio: neno la tatu libaki la tatu.

Pesa zangu zimekwama, na mtu wa huduma kwa wateja kwenye Telegram anataka maneno yangu 12 azikwamue.

Huyo ni mwizi. Mzuie sasa hivi. Hakuna mhudumu wa kweli anayehitaji maneno hayo, kwa sababu yoyote ile. Kama umeshampa hata machache, hamisha sarafu kabla hujamaliza kusoma safu hii.

Serikali imeshapitisha sheria ya kripto. Je, nikiibiwa nitalipwa? (Msomaji wa Tudor)

Sheria ya Kenya ya watoa huduma za mali za kidijitali ilitiwa saini Oktoba 2025, na imeweka kampuni hizo chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Inadhibiti kampuni. Pochi unayoshika ufunguo mwenyewe haina mtu wa kukurudishia, wala hakuna namba ya kupiga muamala ubatilishwe kama tulivyozoea na M-Pesa.

Mimi ni baharia, naondoka miezi tisa kwa safari. Nikifa baharini, mke wangu na watoto watazipataje? (Baba wa Mji wa Kale)

Ahsante kwa kuuliza, baba. Swali hili wengi hulikimbia. Mahakama ya Kadhi inaweza kuwagawia warithi mafungu yao, lakini haiwezi kufungua pochi. Maneno yakipotea nawe, sarafu zitaonekana kwenye daftari miaka na miaka na hakuna mtoto wako atakayezigusa.

Usigawanye maneno 12 ukampa ndugu mmoja sita na mwingine sita. Mmoja akipoteza, yote yamekwenda. Na usiyaandike ndani ya wosia, maana wosia husomwa na wengi. Andika barua nyingine, kwa Kiswahili chepesi, useme una sarafu gani, ziko kwenye pochi ipi, bati limefichwa wapi, na nani katika familia anayeaminika kumsaidia mama watoto kuyaingiza maneno bila kuharakishwa. Mwambie mkeo barua ilipo. Kisha kaeni naye jioni moja, mtafute simu ya akiba iliyo safi, mwundie pochi ndogo yenye shilingi mia tano, muifute, na umwache airudishe kwa mikono yake mwenyewe, wewe ukiwa umekaa pembeni tu. Akikwama mahali, ongeza sentensi kwenye barua. Rudieni mpaka aweze bila kukuuliza, na mfanye hivyo kabla hujapanda meli.