Kuponi: orodha kwanza, mkasi baadaye

Barua nyingi za wiki hii zinahusu vile vikaratasi vya punguzo, pamoja na ndugu zao wanaokuja kwenye simu. Nimechagua maswali tisa. Namba ninazotumia ni za mfano tu, kila mtu azisome kwa sarafu yake.

Dada, nina miezi mitatu nakusanya kuponi. Kila risiti inaniambia "umeokoa" kiasi fulani, lakini pesa ya matumizi inaisha mapema kuliko zamani. Nakosea wapi?

Mdogo wangu, ile namba ya chini ya risiti ni tofauti kati ya bei iliyobandikwa na bei uliyolipa. Haijui kama kitu chenyewe ulikihitaji. Ukinunua manukato ya chumba ya 600 kwa 400, risiti itaandika umeokoa 200, na mfukoni mwako zitakuwa zimetoka 400 ambazo asubuhi hukupanga kuzitoa.

Jaribu hivi kwa mwezi mmoja. Kabla hujagusa kuponi hata moja, fungua kabati, angalia kilichoisha na kinachoelekea kuisha, uandike orodha. Baada ya hapo ndipo uzitoe kuponi, uchague zile tu zinazoingia kwenye orodha. Nyingine ziache, hata kama zinakaribia kuisha muda. Risiti zote zitie kwenye bahasha moja, na mwisho wa mwezi ujumlishe ulicholipa. Hiyo ndiyo jumla ya kulinganisha na mwezi uliopita. Zile "umeokoa" zisome ukitaka, ila usizijumlishe.

Mimi mwenyewe nilianza kinyumenyume, kuponi mbele, orodha nyuma. Siku moja nilirudi na mifuko mizito, nikavimwaga vitu vyote juu ya meza ya kulia. Upande mmoja nikaweka vile nilivyotoka nyumbani nikijua navihitaji, upande wa pili vile vilivyoingia kikapuni kwa sababu ya kuponi. Upande wa kwanza vilikuwa vitano. Wa pili kumi na kimoja. Tangu siku hiyo sitoki bila karatasi yangu.

Kwa nini kampuni wahangaike na kuponi? Si washushe bei tu, yaishe?

Swali zuri, na ukilielewa jibu lake utanunua kwa macho mengine kabisa.

Bei ikishushwa inashuka kwa wote, hata kwa yule ambaye angelipa bei kamili bila kuuliza. Kuponi inawachuja wanunuzi. Anayebana matumizi ataikata, ataitunza, atakumbuka kuibeba na kuitoa kabla hajalipa. Mwenye haraka, au mwenye nazo, atalipa yote. Kampuni inawauzia wote wawili, kila mmoja kwa bei anayoiweza.

Halafu kuna kuonjesha. Mwishoni mwa karne ya 19, kampuni ya Coca-Cola chini ya Asa Candler iligawa tiketi za glasi moja ya bure. Inakadiriwa kwamba kati ya 1894 na 1913 Mmarekani mmoja kati ya kila tisa alikuwa amekunywa glasi hiyo, jumla ya glasi milioni 8.5. Ya kwanza ililipiwa na kampuni, zilizofuata akazilipia mnywaji mwenyewe, mwaka baada ya mwaka. Kuponi nono ya sabuni iliyoingia sokoni mwezi huu inafanya kazi ileile. Kwa hiyo ukiitumia, itumie ukijua kwamba pakiti ijayo utaikuta kwa bei kamili. Jiulize leo hii kama kwa bei hiyo ungeichukua.

Sababu ya tatu ni sisi wenyewe, maana tunapenda kujisikia tumeshinda. Mwaka 2012 JCPenney, kampuni yenye maduka mengi Marekani, chini ya mkurugenzi wake Ron Johnson, iliachana na kuponi na ofa za kila mara, ikaweka bei ya chini ya kudumu. Wateja wakahama. Mauzo ya mwaka huo yalishuka kwa takriban robo nzima, na Aprili 2013 Johnson akaondoka. Nikiikumbuka habari hiyo nikiwa mbele ya rafu, hujishika mkono: je, ninachokifurahia ni bei, au ni kile kibandiko chekundu?

Nimezoea kununua pakiti kubwa kwa sababu ni nafuu. Sasa nina kuponi ya 200 ya sabuni ya unga, ya ukubwa wowote. Niichukue kubwa?

Piga hesabu kwanza, maana kuponi ya kiasi maalumu inaweza kuupindua ukweli huo wa pakiti kubwa.

Tuseme ndogo ni gramu 250 kwa 500, na kubwa ni gramu 500 kwa 900. Bila kuponi, ndogo inakugharimu 2 kwa gramu na kubwa 1.8, kwa hiyo kubwa ndiyo nafuu. Sasa toa 200 kwenye kila moja. Ndogo inakuwa 300, yaani 1.2 kwa gramu. Kubwa inakuwa 700, yaani 1.4. Ndogo imeshinda. Ukiwa na kuponi mbili na duka linaruhusu, chukua ndogo mbili: gramu zilezile 500, lakini kwa 600 badala ya 700.

Kuponi ya asilimia haina mambo hayo. Asilimia 20 hukata sawasawa kote, kwa hiyo pakiti iliyokuwa nafuu kwa gramu inabaki kuwa nafuu.

Na kabla ya yote, tazama rafu ya chini, zinakokaa zile zisizo na jina kubwa. Mara nyingi bei yake bila kuponi ni ndogo kuliko ya yenye jina baada ya kuponi. Maduka mengi huandika bei kwa kilo au kwa lita kwa herufi ndogo kwenye kibandiko cha rafu. Soma hiyo. Isipoandikwa, simu yako ina kikokotoo.

Duka langu lina ofa: nunua vya 5,000 upunguziwe 500. Orodha yangu ni ya 4,200. Nijaze?

Ukijaza 800 utalipa 4,500. Usipojaza utalipa 4,200. Swali lako basi ni hili: kuna vitu vya 800 utakavyovihitaji wiki ijayo hata hivyo? Kama vipo, mafuta ya kupikia kwa mfano, chukua, umevipata kwa 300. Kama itabidi uzunguke dukani kuvitafuta, nenda kalipe.

Wakati mwingine dawa ni kusubiri siku nne, orodha ikue yenyewe.

Keshia alinikatalia kuponi mbili kwa bidhaa moja, tena mbele ya foleni nzima. Niliona aibu. Alikuwa na haki?

Pole sana, kaka. Aibu ya kwenye foleni naijua. Lakini keshia huenda alikuwa sahihi, na ngoja nieleze kwa nini.

Kuponi ziko za aina mbili. Ya mtengenezaji inalipiwa na kampuni iliyotengeneza bidhaa: duka linakukata bei leo, linaikusanya kuponi, linaipeleka kudai fedha yake. Ikionekana umenunua gramu 250 wakati kuponi inasema 500, au tarehe imepita, kampuni inaweza kukataa kulipa na hasara inabaki kwa duka. Ndiyo maana keshia anaikodolea macho. Ya duka, kwa upande wake, ni punguzo linalotoka mfukoni mwa duka lenyewe.

Kwa kawaida mbili za mtengenezaji hazikubaliwi kwa kitu kimoja. Moja ya mtengenezaji na moja ya duka, baadhi ya maduka huziunganisha na mengine hukataa. Soma maandishi madogo: ukubwa wa pakiti, tarehe, "moja kwa kila manunuzi", "haiunganishwi na ofa nyingine". Kukiwa na utata, uliza kwenye dawati la huduma kwa wateja kabla hujapanga foleni. Keshia hana mamlaka ya kubadilisha masharti, na kumkaripia hakutakupunguzia kitu.

Zikikubaliwa zote mbili, angalia mpangilio. Kitu cha 1,000, kuponi ya asilimia 10 na nyingine ya 100: ikianza ya asilimia utalipa 800, ikianza ya 100 utalipa 810. Mashine nyingi zimeshapangiwa, lakini pale unapoweza kuchagua, tanguliza ya asilimia.

Mwanangu, nimetumiwa vocha kwenye WhatsApp. Duka kubwa linasherehekea kuanzishwa kwake, nijibu maswali manne kisha niwatumie watu kumi. Mjukuu ananikataza. Nani mkweli?

Shikamoo mama. Mjukuu wako ni mkweli, umshukuru.

Tazama jinsi mtego unavyofanya kazi. Maswali manne hayana maana yoyote, kila jibu ni sahihi. Kisha kinazunguka kiduara, linatokea sanduku la zawadi, unaambiwa umeshinda. Halafu sharti: tuma kwa watu kumi. Hapo wewe, mtu anayeaminiwa na jamaa zake, ndiye unageuzwa mpiga debe wao. Mwisho wanaomba namba ya kadi, neno la siri, au "ada ndogo ya kutuma zawadi". Duka halihitaji neno lako la siri ili likupunguzie bei.

Anwani ya tovuti nayo husema mengi. Jina la duka linaweza kuwemo, lakini likiwa limeongezewa maneno au herufi zisizo zake. Mwambie mjukuu afungue tovuti halisi ya duka mwenyewe, bila kupitia kiungo ulichotumiwa, aone kama ofa ipo. Na kama ulishawatumia wengine, mama, waandikie leo kwamba wasiifungue. Hakuna atakayekucheka. Kama ulishatoa namba ya kadi, piga simu benki sasa hivi, gazeti utamalizia baadaye.

Rafiki yangu anazitoa kopi kuponi, na kuna mtu anatuuzia nyingine za kujichapishia. Kuna ubaya?

Ndiyo, upo. Kopi ya kuponi ni kughushi, hata ikitoka kwenye mashine ya nyumbani. Mwaka 2021, Virginia nchini Marekani, mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 12 kwa biashara ya kuponi bandia iliyosababisha hasara ya zaidi ya dola milioni 31. Najua wewe na rafiki yako hamko huko. Lakini anayewauzia yuko kwenye njia hiyohiyo, na nyinyi ndio mnaokwenda kusimama mbele ya keshia na karatasi yake mkononi.

Programu za maduka zinataka namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, hata mahali nilipo. Nitoe?

Punguzo hilo unalilipia kwa taarifa zako. Tesco ya Uingereza ilipozindua kadi ya Clubcard mwaka 1995, iliweza kuona nani ananunua nini, na kuwatumia wateja vocha kulingana na manunuzi yao. Leo programu ya simu hufanya hivyo kwa undani zaidi. Ukiacha kununua nepi za duka lao, usishangae kuletewa kuponi ya nepi.

Mimi hutoa namba ya simu na barua pepe niliyoifungua kwa kazi hiyo tu. Mahali nilipo nimezima. Taarifa za ghafla zile za "ofa inaisha usiku wa leo" nimezima pia, na ndizo nilizofurahia zaidi kuzizima, kwa sababu zilikuwa zinaniita dukani siku ambazo kabati lilikuwa limejaa. Programu naifungua mara moja kwa wiki, orodha ikiwa tayari.

Ofa ikiwa nzuri, ninunue ngapi? Mume wangu anasema nyumba imekuwa ghala.

Inategemea mnakitumia kwa kasi gani. Siku unapofungua dawa ya meno, andika tarehe kwa kalamu kwenye tyubu. Siku ikiisha, hesabu. Kwetu hudumu siku 33. Ofa za bidhaa ileile kwa kawaida hurudi baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo huchukua mbili au tatu za kunifikisha kwenye ofa ijayo, sichukui kumi na mbili.

Angalia pia kitu chenyewe. Karatasi za chooni hukaa. Sabuni ya mche hukaa, na ikikauka vizuri inakawia kuyeyuka. Dawa ya madoa yenye klorini hupungua nguvu ikikaa miezi mingi, hasa penye joto. Mafuta ya kupikia huingia harufu. Na sabuni ya unga, hii naisema kwa uchungu: niliwahi kupanga mifuko sita sakafuni, imeegemea ukuta wenye unyevunyevu. Nilipoufungua wa nne ulikuwa jiwe. Niliuponda kwa mchi, nikaloweka vipande kwenye maji ya moto, na bado mabonge meupe yalibaki yamenata kwenye mashati ya shule.

Leo jioni, kaa na mume wako mfungue hilo ghala pamoja. Andikeni kilichopo na idadi yake kwa mistari, mmoja kwa kila kimoja, karatasi hiyo ibandikeni ndani ya mlango wa kabati, na kila mtu anayetoa kitu akate mstari mmoja. Kitu chenye mistari zaidi ya mitatu ambayo haijakatwa, kisinunuliwe mwezi huu, kuponi iwepo isiwepo.