Bibi Zawadi Anajibu: Vumbi jeupe kwenye zabibu

*Shikamoo Bibi Zawadi. Nauza juisi hapa Dodoma. Nilinunua zabibu nyekundu shambani, zikawa na vumbi jeupe lisilotoka kwa maji. Jirani anasema ni sumu ya kupulizia. Juisi niliisaga bila hamira wala sukari, nikaijaza kwenye chupa za plastiki. Siku ya pili chupa zilivimba, na moja nilipoifungua kizibo kiligonga dari. Nani ametia hamira humo? Mama Neema, Dodoma*

Marahaba, Mama Neema. Hamira hakutia mtu. Uliinunua pamoja na zabibu zenyewe.

Tuanze na vumbi. Pitisha kidole juu ya punje moja. Weupe ukifutika na ganda likabaki linang'aa, hiyo ni nta. Mzabibu huitengeneza wenyewe ili punje isikauke, na kwa jua la huko kwenu inahitajika kweli. Nta na maji havipatani, ndiyo maana uliosha bure. Dawa ya kupulizia hukaa kwa madoa, hasa pale tone lilipokaukia. Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mizabibu, nao una rangi ya majivu, unanuka uvundo, na ukiufuta unaacha alama za kahawia kama wavu; zabibu za hivyo mrudishie mwenyewe. Lakini jirani usimpuuze. Mizabibu hupuliziwa dawa, kwa hiyo kuosha ni lazima hata kama vumbi hilo ni nta.

Sasa, juu ya ganda hilo wanaishi wenyeji: kuvu, bakteria na hamira za porini. Kwenye punje nzima, hamira zilizo nyingi ni zile ambazo ukizitazama kwa hadubini zina umbo la limau, na wataalamu huziita Hanseniaspora. Juisi ikishatoka tu, zinaanza kula sukari na kutoa gesi na kilevi. Kilevi kikikaribia asilimia 5, nyingi hushindwa, na hapo inatawala Saccharomyces, ile ile ya mikate na mvinyo. Hiyo ya pili ni adimu mno kwenye punje nzima. Utaikuta zaidi kwenye zilizopasuka, kwa kuwa nyigu na inzi wadogo huja kunyonya utamu na kuiacha hapo. Kwenye nyufa hizo hizo hujazana pia bakteria wa siki.

Mfaransa Louis Pasteur alilithibitisha jambo hili mwaka 1878 huko Arbois. Alijengea mizabibu vibanda vya vioo mapema, zabibu zikiwa bado changa, na vichala vingine akavifunga kwa pamba. Vilipoiva akaviponda, na juisi yake haikuchacha. Ya vichala vilivyoachwa wazi ilichacha kama yako.

Kwa biashara yako, chambua kwanza na utupe kila punje iliyopasuka. Osha kwa maji yanayotiririka, bila sabuni. Hamira hazitaisha kwa kuosha, kwa hiyo pasha juisi moto hadi ikaribie kuchemka, kisha ijaze ingali moto kwenye chupa za glasi ulizozichemsha. Usipopasha, weka kwenye friji na uuze siku hiyo hiyo. Baridi huzichelewesha tu. Na mteja wako Mwislamu au mlokole hatakushukuru kwa kumuuzia kilevi bila kumwambia.

*Bibi, mwanangu anakula tufaha bila kuliosha. Anameza vijidudu vingapi? Baba Rehema, Tanga*

Watafiti wa Graz, Austria, walikadiria mwaka 2019 kwamba tufaha moja lina bakteria wapatao milioni 100, na wengi wao wako kwenye mbegu, ambako maji ya bomba hayafiki. Hao wasikutishe. Osha kwa sababu ya mikono ya sokoni na maji machafu yanayonyunyiziwa matunda yaonekane mabichi.

Mimi naogopa zaidi tikiti. Nyama yake haina ukali wa asidi, kwa hiyo kisu kikivusha bakteria kutoka ganda lenye udongo hadi ndani, wanastawi upesi, hata wale wa kuharisha. Sugua ganda kabla ya kukata, kisha vipande viingie kwenye friji. Vile vinavyouzwa kituo cha basi, vimefungwa nailoni na vimepigwa jua tangu asubuhi, mimi sili.