Mleta mada, hiyo deki ya majoka 36 na ardhi 31 itakuua wewe mwenyewe

Usilipie chochote bado. Nimesoma orodha yako ya deki ya Commander (ule mtindo wa mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering) nikahisi kama nimeonyeshwa picha yangu ya zamani, ile ambayo ningefurahi ipotee. Kamanda, yaani kadi kuu inayokaa kando ya deki, The Ur-Dragon, majoka 36, ardhi 31 (kadi zinazotoa mana, ile nguvu ya kulipia kadi nyingine), kadi 4 za kuongeza mana, halafu unauliza joka gani la 37 liingie, mifuko gani inalinda kadi vizuri, na ufanyeje meza nzima ikikuandama. Mkuu, meza haitakuandama. Itakuonea huruma, na huruma ya mezani inauma kuliko kipigo.

Mimi nilikuwa na majoka 35. Moja pungufu, kwa hiyo kati yetu mwenye busara nilikuwa mimi.

Aliyeniponza ni jamaa mmoja wa video, simtaji. Alisema The Ur-Dragon anapunguza gharama ya majoka hata akiwa bado hajaingia mezani, kwa hiyo mwenye kujaza ardhi ni mwoga. Nikameza. Nusu ya kwanza ni kweli. Lakini punguzo lenyewe ni mana 1 tu, na linakata ile sehemu ya bei isiyo na rangi, unayoweza kulipia kwa mana yoyote, basi. Utvara Hellkite ni mana 8, mbili kati yake nyekundu. Inashuka mpaka 7, na zile nyekundu mbili zinakusubiri pale pale. Dragonlord Ojutai inatoka 5 hadi 4, nyeupe na bluu hazikwepeki. Na kamanda mwenyewe hajipunguzii kitu: ni 9, zikiwemo rangi zote tano, na akiuawa ukataka kumrudisha unalipa 11. Yule jamaa kila akifungua mkono ana Sol Ring, kadi ya kuongeza mana mapema. Sol Ring ni kadi moja kati ya 99! Ama ana ngekewa, ama video za siku alizopigwa huzifuta.

Sasa sikiliza siku niliyopata akili.

Meza ya watu wanne. Nikachanga, nikalamba (nikachukua) kadi saba: ardhi tatu, majoka manne. Ardhi ya kwanza ya nyeusi na nyekundu, ya pili ya nyeupe na bluu, zote mbili za aina inayoingia imelala, yaani haitumiki mpaka zamu yako inayofuata. Ya tatu Haven of the Spirit Dragon, ambayo rangi zake zinalipia viumbe majoka tu. Kurudisha mkono ulambe saba nyingine mara ya kwanza ni bure meza ikiwa ya watu wengi. Bure! Nikaubakiza, kwa sababu moja ya yale majoka ilikuwa Utvara Hellkite na nilitaka watu waione.

Zamu ya pili nikalamba Cultivate, kadi ya kutafuta ardhi kwenye deki. Nikasema haya, mambo yamejipa. Cultivate inataka kijani. Mimi sikuwa na kijani popote. Zamu ya tatu joka. Zamu ya nne joka. Nilishaweka ardhi zangu tatu, mkononi nina kadi nane, na kikomo mwisho wa zamu ni saba. Unaelewa kilichofuata? Nikaanza kutupa majoka kaburini, lile rundo la kadi zilizotupwa au kufa, kwa mkono wangu. Nikachagua la kwanza kutupa kwa hesabu ya kitaalamu kabisa: lile la bei kubwa, ambalo nisingeweza kulilipia hivi karibuni. Utvara Hellkite.

Jirani yangu wa kushoto akatabasamu. Akageuza ardhi moja nyeusi, akaweka Reanimate. Hiyo kadi inafufua kiumbe kutoka kaburi lolote, si la mwenyewe tu. Ilimgharimu uhai 8, na kwa furaha aliyokuwa nayo angelipa hata 20.

Kwa usiyeijua Utvara Hellkite: ni 6/6 (inapiga 6, inahimili 6) inayoruka, na kila joka lako linaposhambulia, inazaliwa tokeni, yaani kiumbe kisichotoka kwenye deki, ya joka jingine la 6/6. Shambulio la kwanza nikala 6. La pili yalikuja majoka mawili, 12. La tatu manne, 24. Piga hesabu, ni 42. Mimi nilianza na uhai 40, na mezani sina kiumbe hata kimoja cha kuzuia. Ardhi ya nne ilifika zamu ya saba, ikaingia imelala, kama inavyostahili kwenye msiba. Nimeuawa na joka langu, mkononi nimeshika mengine sita na Cultivate. Nawasimulia kwa kicheko sasa, ila siku ile niliomba kwenda kunywa maji nikakaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji.

Na usidhani ni galasa la siku moja. Nilicheza hivyo hivyo kwa miezi, nikilaumu uchangaji, nikibadilisha joka hili kwa lile, nikinunua ghali zaidi kila nikipigwa. Terror of the Peaks imeingia, Lathliss imeingia, Scourge of Valkas imeingia. Zote kadi nzuri. Zote zilikufa mkononi. Hapo ndipo pesa zangu zilipokwenda, si kwenye ile deki ya kwanza bali kwenye kuitibu kwa dawa iliyoiua.

Kanuni yangu ni hii, chukua au acha: GAWA KWA 9. Ukimtoa kamanda unabaki na kadi 99. Meza ikiwa ya watu wengi kila mtu analamba hata zamu ya kwanza, kwa hiyo kufika zamu ya nne umeona saba za mwanzo na nne za kulamba, yaani 11. Hiyo ni sehemu ya tisa ya deki yako. Chukua kila kundi kwenye orodha, gawa kwa 9, hicho ndicho utakachokuwa umekiona zamu ya nne. Ni wastani, najua, msinijie na kalikuleta.

Yako: ardhi 31 ni 3 na ushei. Kuongeza mana 4, haifiki hata nusu kadi. Majoka 36 ni manne kamili. Umeona? Ni ule mkono wangu, umeuandika wewe kwa kalamu yako.

Yangu ya leo: ardhi 38, unapata 4 na ushei. Kuongeza mana 14, moja na nusu. Majoka 22, mawili na ushei. Mawili yanatosha! Huwezi kuweka matatu zamu moja hata ukilia. Na hizo 14 ziwe za mana 2 zaidi: Farseek, Nature's Lore, Three Visits (hizo tatu zinataka kijani), Arcane Signet. Ndiyo maana ardhi zako za mapema lazima zitoe kijani kabla ya rangi nyingine yoyote, hata kama majoka unayoyapenda ni mekundu. Ardhi zinazoingia zimelala, mimi sizidishi sita. Dragonlord's Servant na Dragonspeaker Shaman weka, ni viumbe wanaopunguza bei ya majoka kwa 1 na 2, lakini usizihesabu kama mana. Mtu akifagia viumbe wote mezani, punguzo lako nalo limefagiwa.

Kuna mtu atakuja hapa chini aseme yeye ana ardhi 33 na anashinda. Muulize anacheza na nani.

Uliuliza pia jinsi ya kucheza ukiandamwa, na kitu kingine, mifuko sijui. Kuandamwa tutaongea ukishakuwa na joka mezani. Kwa sasa toa majoka 14. Ndiyo, 14. Anza na yote ya mana 7 kwenda juu, bakiza mawili tu, Utvara iwe mojawapo kwa heshima ya marehemu mimi. Kisha weka orodha mpya hapa na kila kundi likiwa limegawanywa kwa 9. Ukiirudisha na ardhi 31, sifungui.