Mbwa wako mdogo anasusa chakula? Usikimbilie kubadilisha pakiti

Juzi mbwa wangu Kito kapimwa uzito, kilo 3.2, daktari akampapasa mbavu kwa vidole akasema huyu yuko pale pale anapotakiwa, hakuna cha kuongeza wala cha kupunguza. Jamani nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga mbele ya mizani. Mnaonifuatilia toka zamani mnajua huyu mbwa katokea wapi, mnazikumbuka zile picha uti wa mgongo unaonekana pingili moja moja, nyonga zimechomoza, manyoya yamefifia. Basi nikaweka picha yake mpya, na meseji zikaanza kumiminika, karibu zote swali ni moja: unampa chakula gani?

Najua mnataka jina la pakiti mkanunue. Ila ukweli ni kwamba chakula anachokula Kito leo ndo kile kile alichokuwa anakigeuzia mgongo, sijabadilisha. Kilichobadilika ni mdomo wake, saa zake za kula, na mikono ya watu humu ndani, na hayo ndo nataka tuongee leo maana nimechoka kuona watu wanamaliza hela kwenye pakiti za kila aina na mbwa bado anakonda.

Nianze na mdomo, kwa sababu hilo ndo lililoniumiza roho kuliko yote.

Kito alivyokuja alikuwa anakula vizuri tu, bakuli analilamba mpaka linasogea sakafuni. Alipofika kama miezi sita hivi akaanza kuacha. Mwanzoni unajipa moyo, maana ni kweli mbwa wakifika umri huo kasi ya kukua inapungua na hamu ya kula inashuka kidogo, hiyo ni kawaida kabisa. Lakini kushuka kidogo ni tofauti na kukataa. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, akamshika tumbo, akamwangalia juu juu, akasema hilo ni deko tu dada, hawa mbwa wadogo ndo walivyo, muache na njaa siku mbili atakula mwenyewe. Mdomo hakuufungua. Akacheka kidogo akamuita mwingine. Nimesamehe ila sijasahau, nitakuwa muongo nikisema nimesahau.

Nikarudi nyumbani nikakaa chini sakafuni karibu na bakuli nikamuangalia mbwa wangu. Na hapa naomba usome taratibu. Nilivyoweka chakula Kito alikuja mbio, mkia unapepea, akanusa, akachukua punje moja kwa meno ya mbele kabisa, akainamisha kichwa upande mmoja, akaibeba mpaka kwenye zulia, akaiweka chini, akailamba, akaiacha imelowa mate. Akarudi akachukua nyingine, hivyo hivyo. Alafu akakaa ananiangalia. Nikajiambia huyu hajasusa. Mbwa aliesusa hakimbilii bakuli. Huyu anataka kula na kuna kitu kinamzuia.

Usiku alivyolala mapajani nikainua mdomo wake wa juu taratibu, alafu nikaufungua kidogo kwa kidole. Chonge za chini zilikuwa mbili mbili kila upande, moja nyembamba imechongoka sana, hiyo ya utotoni, na nyingine nene inachomoza kwa ndani upande wa ulimi. Na juu kwenye kaakaa kulikuwa na vishimo viwili vyekundu, pale pale hizo chonge mpya zinapogota kila akifunga mdomo. Yaani kila akitafuna ni anajichoma mwenyewe.

Nikaenda kwa daktari mwingine, huyu Mungu ambariki, akafungua mdomo kabla hata sijamaliza kueleza. Kumbe ni tatizo la kawaida sana kwa mbwa wadogo, Yorkshire terrier (Kito ana damu hiyo), Chihuahua, Maltese, Pomeranian, toy poodle, midomo yao ni midogo na meno yanabanana. Mbwa anazaliwa bila meno, anaota 28 ya utotoni, alafu yanatoka yanakuja 42 ya ukubwani, na akifika miezi sita au saba yale ya utotoni yanatakiwa yawe yameisha yote. Ukiona meno mawili yamesimama sehemu moja kwenye umri huo, usisubiri. Kito akachomwa dawa ya usingizi wakang'oa ya utotoni, na zile chonge mpya zikasogezwa nje taratibu kwa kuchezea mpira wa raba ambao daktari mwenyewe alituchagulia saizi. Si kila mbwa anatibika kwa mpira, ni daktari ndo anaamua, msije mkanunua tu mipira.

Kwa hiyo kabla hujaniuliza chakula gani, umefungua mdomo wa mbwa wako? Harufu kali, fizi nyekundu, ukoko wa njano, kudondosha punje, kutafuna upande mmoja, kula laini na kukataa ngumu, hayo sio maringo. Na mbwa akishafika miaka mitatu uwezekano wa kuwa na ugonjwa wa fizi ni mkubwa, wale wa umbo dogo ndo wanaoongoza.

Sasa mdomo ukapona. Nikajua tumemaliza, hapana. Maumivu yaliondoka ila Kito alikuwa ameshajua kwamba akiliacha bakuli kuna kitu kizuri zaidi kinakuja. Mama mkwe alikuwa kwetu kipindi hicho, ana moyo mzuri mama wa watu, hawezi kuona kiumbe hakijala, basi anamkatia yai, watoto wanadondosha jibini chini ya meza, mume wangu anampa ngozi ya kuku. Kila mtu anampa kidogo. Alafu jioni wote tunashangaa mbona hali.

Hebu tupige hesabu maana hesabu ndo ilinyamazisha mabishano kwangu. Mbwa mzima wa kilo 3 anahitaji kalori kama 200 mpaka 250 hivi kwa siku nzima. Yai moja ni kama 70. Kipande cha jibini ngumu cha gramu 30 ni kama 120. Umeona? Yai na hicho kipande vinakaribia chakula chake cha siku nzima, na hajagusa bakuli. Huyo mbwa hachagui chakula, huyo kashiba! Wataalamu wanasema vitafunwa visizidi asilimia 10 ya kalori za siku, kwa mbwa wa saizi hii ni kalori 20 au 25, ni tonge la kidole. Niliandika hizo namba nikabandika kwenye friji, na mama mkwe alivyozisoma aliguna akasema kumbe tunamshibisha sisi. Kuanzia siku hiyo mkono wake ukasimama, nampenda kwa hilo.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza na mgumu kuufuata. Milo miwili kwa siku, saa zile zile. Unaweka bakuli sehemu tulivu, unaondoka, humuimbii wala humbembelezi wala humlishi kwa kijiko. Dakika 15 au 20 zikiisha unatoa bakuli hata kama hajagusa, bila kugomba. Maji yabaki muda wote. Mlo unaofuata, chakula kile kile. Siku za kwanza zinachosha, atakufuata jikoni, atakuangalia na yale macho, na humo ndani lazima atatokea mtu wa kusema una roho mbaya. Shikilia. Siku Kito alipomaliza bakuli bila mtu kumuangalia nilikaa kimya kabisa jikoni nikisikia punje zinavyovunjika, sijawahi kusikia mlio mtamu namna ile.

LAKINI, na hapa nasema kwa herufi kubwa makusudi, huo utaratibu wa kutoa bakuli ni wa mbwa aliyekomaa ambae daktari ameshasema ni mzima wa afya. Mtoto wa mbwa mdogo HAACHWI NA NJAA. Hawa wadogo akiba yao mwilini ni ndogo sana, akikosa mlo sukari ya damu inashuka haraka, unamuona amelegea, anatetemeka, anayumba, anaweza kupata degedege na kufa. Mtoto wa chini ya miezi minne anatakiwa kula mara tatu mpaka nne kwa siku. Ukiona dalili hizo na bado ana fahamu, mpake asali kidogo au maji ya sukari kwenye fizi, usimmiminie kooni, na muda huo huo uwe unaelekea kwa daktari. Nikikumbuka niliambiwa mbwa wa miezi sita mwenye mwili kama kiganja aachwe siku mbili, damu inanichemka upya.

Na aliyekomaa nae ana mpaka wake. Saa 24 hajaweka kitu mdomoni ni daktari. Akitapika, akiharisha, akizubaa, akikonda, usisubiri hata hizo 24. Minyoo, homa, tumbo, figo, vyote vinaanza na kukataa chakula, na mbwa hana namna nyingine ya kukuambia.

Kwenye chakula chenyewe sina mengi ila haya mawili yamenisaidia sana. La kwanza ni joto. Mbwa anakula kwa pua, ulimi wake una vionjo kama 1,700 tu, wa kwetu unakaribia 9,000, ila pua yake hatuisogelei. Chakula kilichotoka kwenye friji hakinukii. Mwagia maji ya uvuguvugu vijiko viwili, koroga, subiri kidogo, kiwe joto la mwili wake, nyuzi 38 hivi, sio cha kuunguza. Ukitumia maikrowevu koroga vizuri na uguse kwa kidole maana inaacha sehemu za moto katikati.

La pili ni ukubwa wa pakiti, na hili watu hawalifikirii kabisa. Mbwa wa kilo 3 anakula kama gramu 60 za chakula kikavu kwa siku. Ukinunua gunia la kilo 10 kwa sababu ni bei rahisi, litakaa zaidi ya miezi mitano! Mafuta ya kile chakula yanaharibika toka siku umefungua, wewe hausikii harufu ila yeye anaisikia, unasema anaringa kumbe anakukatalia chakula kilichochacha. Nunua pakiti ndogo ya kuisha ndani ya wiki sita hivi, iache kwenye mfuko wake wa mwanzo, ukunje vizuri, uingize kwenye chombo chenye mfuniko mbali na joto.

Wanaopika nyumbani, sikatai, ila kuku na wali peke yake kila siku sio mlo kamili, kalsiamu haitoshi na vitu vingine vingi, na maini kila siku yanajaza vitamini A mpaka inamdhuru. Kama unataka kupika muombe daktari akupangie. Na kwenye kumshawishi ale usije ukampa chokoleti, zabibu mbichi wala kavu, kitunguu maji, kitunguu saumu, wala chochote chenye zailitoli (kitamu kinachotumika badala ya sukari, iko kwenye bigijii zisizo na sukari na hata baadhi ya siagi za karanga, soma lebo). Supu ya familia ina kitunguu na chumvi, hiyo sio yake. Mifupa iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha. Na manofu ya mafuta, ngozi ya kuku, makombo ya kukaanga, yanaweza kufanya kongosho (kiungo cha tumboni kinachosaidia kusaga chakula) livimbe na kuuma, kuna mbwa wanalazwa kwa hilo, na Yorkshire terrier na miniature schnauzer ndo wanaotajwa sana. Kiasi ambacho mbwa mkubwa hakisikii, huyu wako kinamlaza.

Mwisho mpime. Mbwa wa kilo 3 akipoteza gramu 300 hiyo ni asilimia 10 ya mwili wake, na kwa macho huwezi kuona, manyoya yanaficha. Mizani ya kusimama watu haisomi vizuri uzito mdogo namna hiyo, tumia ya jikoni, weka beseni juu yake, irudishe sifuri, muingize mbwa, mshikilie tu kwa ubavu asiruke bila kumkandamiza. Mara moja kwa wiki, siku ile ile, kabla hajala, unaandika. Alafu pitisha vidole ubavuni, mbavu uzisikie chini ya ngozi bila kubonyeza sana. Zikiwa zinachomoza kakonda, na ukizitafuta hadi ukazikosa kazidi.

Meseji nazisoma zote hata nikichelewa kujibu. Ila mkiniandikia anzeni na umri wake, uzito wa wiki hii na wa wiki iliyopita, amekula nini toka jana pamoja na vile vya chini ya meza, na mniambie mmeona nini mlipofungua mdomo wake. Kama ni mtoto na hajala toka asubuhi, usiniandikie, mbebe nenda.